Je, Wajua? Vijiko Vitatu vya Maji Vinavyokunja Chuma

Barabara ya kusini kutoka Bukavu, ukishaziacha vurugu za Essence na Panzi, inakufikisha Nyantende kabla hujamaliza kutafuna mahindi yako ya kuchoma. Kando yake niliwahi kukaa nusu siku nikimngoja fundi, chini ya turubai lililofungwa kwenye mkalitusi. Mvua ya Septemba ilikuwa imesharudi na kila shimo la barabarani lilikuwa bwawa jekundu. Fundi alikuwa amepanga bieli nne juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Bieli ndilo jina la Bukavu, limetoka katika Kifaransa. Dar es Salaam wangekuambia konrodi. Ni ule mkono wa chuma unaoishika pistoni kwa juu na krenki kwa chini. Akaigusa ya kwanza kwa kidole: imetulia. Ya pili imetulia. Ya tatu ikacheza juu ya kioo, tik-tik, kama meza yenye mguu mfupi.

"Hii moja ilikunywa mayi, Papa," akasema, kisha akaendelea na ya nne.

Gari lenyewe, la Kijapani na dogo, lilikuwa limesimama nyuma yake huku kapo (boneti) ikiwa wazi. Mwenyewe alikuwa amelitoa boksi la filta la kiwandani, akafungiwa bomba la alumini linalong'aa kama sufuria mpya, na mwishoni mwake filta nyekundu yenye umbo la pia. Vijana huliita bomba la hewa baridi. Lilikuwa limeshushwa hadi nyuma ya bampa, karibu na tairi, penye hewa isiyochemshwa na injini. Na penye maji.

Je, wajua injini inavuta hewa kiasi gani kuchoma lita moja ya petroli? Kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu za kilo, kwa hiyo inahitaji takriban kilo 11 za hewa. Katika mwinuko wa Bukavu, ambako hewa ya mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo moja hivi, hiyo ni lita 11,000. Chukua mapipa ya lita 200, yale ya mafuta, uyapange 55 kando ya barabara: hiyo ndiyo hewa ya lita moja tu ya petroli. Kitu kinachovuta hivyo hakichagui. Ukikiweka mdomo kwenye hewa kitavuta hewa, ukikiweka kwenye dimbwi kitavuta dimbwi.

Mwenye gari lile sikumcheka, maana milima ya Kivu ina namna yake ya kumshawishi mtu. Ziwa Kivu lenyewe limekaa mita 1,460 juu ya bahari, na Nyantende iko juu zaidi ya ziwa. Kwenye mita 1,500 kanieneo ya hewa imeshapungua kwa asilimia 16 hivi kulinganisha na pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kiasi hichohicho. Gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam linafika Bukavu limechoka, linashushwa gia mahali ambapo halikustahili kushushwa. Dereva anasikia kwamba hewa baridi ni nzito zaidi na huleta nguvu, anaona bomba linauzwa, anaingiza mkono mfukoni.

Hesabu yake ni hii. Kila hewa inapopoa kwa nyuzi 3 hivi za Selsiasi, uzito wake huongezeka kwa asilimia moja. Kuirudisha asilimia 16 iliyochukuliwa na mlima kungetaka hewa iliyopoa kwa zaidi ya nyuzi 45, yaani asubuhi ya Nyantende yenye barafu kali kuliko jokofu la samaki. Bomba haliwezi hilo. Linaweza kukwepa joto la chini ya kapo tu, na hata hapo limechelewa, kwa sababu magari mengi ya kisasa yametoka kiwandani yakivutia hewa nje ya chumba cha injini: nyuma ya taa, juu ya radieta, au ndani ya bawa la mbele (madigadi), mdomo ukiwa umeelekezwa juu. Mhandisi aliyeuweka pale hakuwa mshamba. Alikuwa anafikiria mvua.

Kinachopatikana zaidi ni mlio. Nakubali, ni mlio mtamu.

Je, wajua kwa nini maji laini yanashinda chuma? Hewa hubanwa, na kazi nzima ya injini ni kuibana. Maji hayabanwi. Ili uyapunguze ujazo kwa asilimia moja tu unahitaji kanieneo ya karibu ba 220, mara mia moja ya hewa iliyomo kwenye tairi la gari dogo. Hata chini kabisa ya Bahari ya Pasifiki, kwenye handaki la Mariana, penye kina cha karibu kilomita 11, maji hupungua kwa asilimia kama 5 hivi. Pistoni inayopanda ikikuta maji juu yake haina pa kwenda. Valvu zote mbili zimefungwa, krenki inasukuma kutoka chini, maji yamekataa. Kitu dhaifu kuliko vyote kati ya hivyo ni bieli.

Nikamuuliza fundi yalikuwa maji kiasi gani. Akanionyesha kifuniko cha chupa ya maji, kisha akaongeza kingine na kingine juu ya hewa kwa vidole. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Chukua injini ya 1HZ, ile dizeli iliyomo katika Land Cruiser nyingi za hospitali na mashirika huku kwetu. Ina silinda 6 na jumla ya cc 4,164, yaani cc 694 kila silinda. Pistoni yake ikifika juu, hewa yote hiyo imebanwa zaidi ya mara 22 na kuingizwa katika nafasi ya cc 32 hivi. Kijiko cha chakula ni cc 15. Vijiko viwili vya maji vinaijaza nafasi ile karibu yote. Cha tatu hakina pa kukaa. Gari zima la zaidi ya tani mbili, vijiko vitatu.

Injini ya petroli ya cc 1,500 yenye silinda 4, ikiwa inabana mara 10, inaacha nafasi ya cc 42 kwa kila silinda, na vijiko vitatu vinatosha kuimaliza. Pikipiki ya cc 125 inayobana hivyohivyo inaacha cc 14 hivi. Hapo kijiko kimoja kimezidi. Wako motari, waendesha pikipiki, wanaolitoa boksi la filta chini ya kiti ili piki "ipumue". Kiangazi, Juni hadi Agosti, wanailisha vumbi. Miezi tisa inayobaki wanaiwekea kijiko mezani.

Mwendo nao una neno lake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni inapanda kutoka chini hadi juu kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Nguvu iliyomo katika vyuma vinavyozunguka hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kwenye 3,000 ni mara tisa ya ile ya kwenye 1,000. Ndiyo maana gari lililonyweshwa maji likiwa taratibu mara nyingi huzima tu, puh, na linaweza kupona bila kupinda kitu, wakati lile lililoingia kwenye dimbwi kwa kishindo ili "lipite haraka" hutoka na bieli iliyokunjwa kama kulabu, na pengine dirisha jipya ubavuni mwa bloki. Nimeona tundu la namna hiyo. Ngumi ya mtoto ingepita.

Na je, wajua kuwa ubovu wa injini za petroli za zamani ulikuwa kinga? Gari la zamani la petroli lenye distribyuta lilikuwa likirushiwa maji kidogo tu linakohoa na kuzima, kwa sababu umeme wa buji (plagi, kwa watu wa pwani) ulipotea kwenye unyevu. Dereva alitukana, akafungua kapo, akafuta kwa shati lake, akaendelea na safari. Injini haikuwa imewahi kunywa. Dizeli haina buji. Haijali umeme umelowa au la, itaunguruma katikati ya maji hadi maji yafike kwenye pua yake, halafu itayanywa ikiwa bado na nguvu zake zote, na inabana mara mbili ya petroli. Kwa hiyo dizeli ni hodari wa kuvuka na ni mgonjwa mahututi ikikosea.

Mvua peke yake, tuseme ukweli, haimalizi injini. Matone yanayorushwa na tairi yakigonga filta huwa mengi yanakwama au yanageuka mvuke njiani, na filta za pamba zilizopakwa mafuta, kama zile zilizoipa umaarufu kampuni ya K&N iliyoanzishwa California mwaka 1969, hukataa matone kwa kiasi fulani. Wauzaji wanalijua hilo na wanalisema kwa sauti kubwa. Wanachosema kwa sauti ndogo ni kwamba filta iliyozamishwa haizuii kitu. Ikizama nusu, injini bado ina upande mkavu wa kuvutia. Ikizama yote, hewa imekwisha, na maji hupanda bombani kama soda kwenye mrija. Kadiri bomba linavyoshuka chini ndivyo filta inavyozama mapema: iliyoko nyuma ya taa inahitaji maji ya kufika kiunoni, iliyoko nyuma ya bampa inahitaji ya kufika gotini. Huku kwetu kuna jambo la ziada. Ile plastiki ya ndani ya bawa, inayokinga filta dhidi ya tope la tairi, ndiyo ya kwanza kung'oka kwenye barabara zetu, na hakuna anayeirudisha.

Kampuni ya AEM ya Marekani iliunda dawa ya kuchekesha kidogo: valvu ya mchepuko katikati ya bomba. Filta ya chini ikizama, mvuto unaongezeka ndani ya bomba, kidude chake kinafunguka na injini inavuta hewa ya pale juu, chini ya kapo. Yaani umelipia hewa baridi, halafu umelipia tena kifaa cha kukurudisha kwenye hewa ya moto siku ya mvua.

Kuhusu bomba la moshi, wengi huogopa maji kuingilia huko. Injini ikiwa inanguruma, moshi huyasukuma nje, na utaona mapovu nyuma ya gari kama chungu cha ugali. Hatari huanza ikizima humo ndani.

Hapo ndipo kosa kubwa kuliko bomba lenyewe hufanyika. Mfa maji haachi kutapatapa, na dereva aliyezimikiwa katikati ya bwawa hana subira: anazungusha ufunguo. Maji yaliyokuwa yameingia polepole bila kuvunja kitu sasa yanabanwa na demareri, stata, ambayo imetengenezwa mahsusi kuizungusha krenki kwa nguvu. Mara ya kwanza inagoma kwa mlio mkavu, "tak". Mara ya tatu bieli inakubali kupinda. Mafundi wa huku hufanya hivi: gari linasukumwa hadi pakavu, waya wa betri unatolewa, filta inaguswa kwa mkono. Kama ndani ya bomba pamelowa, hakuna kuwasha. Zinatolewa buji zote, au noseli kama ni dizeli, ndipo krenki inazungushwa, kwanza kwa mkono. Siku ile Nyantende nililiona jambo hilo kwenye gari la pili, na sikuambiwa nisogee. Maji yaliruka kutoka kwenye tundu la buji kama ya bomba lililopasuka, yakiwa ya moto kidogo na harufu ya petroli, yakanilowesha shati lote. Watoto waliokuwa wakitazama walifurahi kuliko mwenye gari.

Kisha ukachomolewa ule ufito wa kupimia oili. Oili safi inashuka kwenye ufito kama asali. Iliyochanganyika na maji inageuka chai ya maziwa, na hiyo inamwagwa yote, pamoja na filta yake, hata kama iliwekwa jana. Maji ya milima hii yanakuja na udongo mwekundu, na udongo ule ndani ya beringi ni msasa.

Ila ugonjwa mbaya zaidi ni ule usioonekana. Bieli inaweza kupinda kwa unene wa ukucha tu. Gari linawaka, linatembea, linapeleka watu sokoni wiki kadhaa, nguvu kidogo pungufu, mtikisiko kidogo likisimama. Siku moja mlimani, chuma kilichochoka kinakatika. Ukikifungua kichwa cha injini utaisoma historia yote ukutani mwa silinda: pale juu, ambapo pistoni hufika na kuacha ukanda mwembamba wa masizi, silinda yenye bieli iliyopinda ina ukanda mpana kuliko za jirani, kwa sababu bieli yake imefupika na pistoni haifiki tena ilipokuwa ikifika. Fundi aliniingiza kidole humo nipapase. Tofauti ya punje ya mchele.

Je, wajua neno snokeli limetoka wapi? Ni bomba refu linalopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa, na watu hulidhani limebuniwa kwa ajili ya mito. Jina lake ni la Kijerumani, la nyambizi. Waholanzi ndio waliotangulia, katika miaka ya 1930, kuzipa nyambizi mrija wa kuvutia hewa ya dizeli zikiwa chini ya maji. Wajerumani wakazikuta mwaka 1940 walipoiteka Uholanzi, wakaiendeleza fikra hiyo. Kwenye Land Cruiser faida yake ya kila siku ni vumbi: hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ile ya magurudumuni. Kwa maji inasaidia endapo kila kiungo chake kimezibwa hadi kwenye boksi la filta. Barabarani zimo za urembo tu, zimepachikwa kwa skrubu, na nyuma yake hakuna tundu. Gonga kwa kidole, utasikia.

Ugonjwa huu wa maji ndani ya silinda ni mkongwe kuliko magari. Wazee wanaolikumbuka gari moshi la mvuke la Mombasa hadi Uganda watakumbuka lilivyokuwa likiondoka stesheni huku likifyatua mvuke mweupe ubavuni, chini kabisa, mpaka abiria wanaruka. Halikuwa linajivuna. Mvuke uliolala ndani ya silinda baridi hugeuka maji, na dereva alilazimika kufungua vibomba vidogo vya kuyatoa, la sivyo pistoni ingekifumua kifuniko cha silinda. Na ndege za zamani zenye injini ya silinda zilizopangwa kama miale ya jua, mfano DC-3, zilizungushwa panga boi kwa mkono kabla ya kuwashwa asubuhi. Oili huteremkia kwenye silinda za chini ikilala usiku, na oili nayo haibanwi.

Ajabu ni kwamba maji hayohayo, yakiwa ukungu, ni rafiki. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za kivita za Marekani kama P-47 zilinyunyiziwa maji yaliyochanganywa na alkoholi ndani ya injini ili zipoe na zisukumwe zaidi, na mwaka 2016 BMW waliuza M4 GTS yenye tangi dogo la maji kwa kazi hiyohiyo.

Na injini isiyozunguka haiogopi hata ziwa. Maji ya Kivu hutoka Bukavu kwa mto Ruzizi na kuingia Tanganyika, na ndani ya Tanganyika, karibu na Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen tarehe 26 Julai 1916 ili isitekwe. Mafundi waliopewa kazi hiyo walizipaka injini grisi nzito kwanza, kana kwamba wanamfunika mtoto blanketi. Wabelgiji waliiinua ikazama tena. Waingereza wakaiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikisukumwa na injini zilezile zilizolala majini karibu miaka minane. Zingekuwa zinanguruma wakati maji yanaingia, pengine zisingefika salama hata hiyo jioni.

Kina cha kuvukia? Toyota huipa Hilux sentimita 70, na Land Rover huipa Defender mpya 90, kwa mwendo wa mtu anayetembea, maji yakiwa yametulia. Maji yanayokwenda ni habari nyingine: sentimita 30 zinatosha kulielesha gari dogo, 60 huchukua hata pikapu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na wimbi la lori linalokuja mbele yako huongeza kina kwa sekunde mbili, ambazo ndizo zilizolimaliza gari la yule kijana wa Nyantende mwenye bomba. Yeye alikuwa anakwenda taratibu. Fuso ndiyo iliyopita kwa kasi. Zamani nilidhani Toyota Noah, iliyobeba jina la nabii wa safina, ingekuwa na upendeleo fulani. Nimewahi kuisukuma moja, haina.

Nilipopita tena mwezi uliofuata gari lilikuwa limeshaondoka, na boksi la plastiki la kiwandani lilipatikana kwenye mzoga wa gari lingine, kwa bei ambayo fundi hakutaka kuitamka mbele ya watu. Lile bomba la alumini lilikuwa bado pale. Mama anayekaanga maandazi jirani ameliegemeza kwenye tundu la mbabula yake, lile jiko la makaa, na mtoto wake anapuliza kutoka upande wa pili, mashavu yamejaa, makaa yanawaka mekundu.